Bastola Inayotulizwa na Gesi Yake Yenyewe

Je, wajua kwamba bastola haipigi teke kwa sababu ya risasi peke yake? Chukua risasi ya milimita 9 iliyojazwa kwa ajili ya mashindano. Kichwa chake kina uzito wa gramu 8 hivi, na baruti iliyo nyuma yake ni kama nusu gramu tu. Hiyo nusu gramu ikiungua haipotei. Inageuka gesi, na gesi hiyo hutoka kwenye mdomo wa mtutu kwa mwendo unaozidi mita 1,000 kwa sekunde, wakati kichwa cha risasi chenyewe hakifiki mita 400. Ndiyo maana kitu chepesi namna hiyo huchangia karibu sehemu moja kati ya saba ya teke lote. Kwa mtu anayepiga risasi moja akapumzika, hilo si neno. Kwa mshindani anayepiga risasi mbili ndani ya robo sekunde, na ya pili anataka itue pale pale ilipotua ya kwanza, ni jambo kubwa sana.

Kifaa kinachoikamata gesi hiyo na kuifanyisha kazi kinaitwa kompenseta. Ni kipande cha chuma, alumini au titani, chenye urefu wa sentimita chache, kinachokazwa kwa skrubu kwenye ncha ya mtutu. Ukikitazama kwa karibu utaona vyumba vidogo vilivyofuatana. Kati ya chumba na chumba kuna ukuta, kila ukuta una tundu kubwa kidogo tu kuliko risasi, na juu ya kila chumba kumekatwa dirisha. Risasi ikipita kwenye tundu la ukuta hulijaza karibu lote, na kwa kitambo hicho kifupi gesi iliyo nyuma yake haina njia nyepesi isipokuwa kwenda juu. Hapo hutokea mambo mawili. Gesi inayoruka juu huusukuma mdomo wa bastola chini, kama mpira wa kumwagilia bustani unavyorudi nyuma mkononi maji yakifunguliwa kwa nguvu. Na gesi inayogonga ukuta wa mbele huivuta bastola mbele, ikipunguza ule msukumo unaokuja kwenye kiganja.

Msomaji makini atauliza: ikiwa gesi ni sehemu moja tu kati ya saba, itawezaje kuushinda msukumo wa risasi? Jibu liko kwenye umbali. Teke la risasi hupita kwenye mstari wa mtutu, ambao uko sentimita chache tu juu ya mkono. Gesi ya kompenseta inasukuma kutoka ncha ya mbele kabisa, sentimita 20 au zaidi kutoka kiganjani. Nguvu ndogo yenye mkono mrefu wa wenzo inaweza kukabiliana na nguvu kubwa yenye mkono mfupi. Ndiyo maana kompenseta haiondoi teke, lakini inaweza kuzuia karibu kabisa kuinuka kwa mdomo. Na ikizidishwa, hata kuuinamisha chini ya shabaha. Hilo nitalirudia, kwa sababu wanunuzi wengi hawalifikirii.

Tatizo la mdomo kuinuka limewasumbua walenga shabaha tangu zamani. Katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, Wasovieti walikuja na bastola ya MC-3 iliyoonekana kama imegeuzwa juu chini. Mtutu wake ulikuwa umeshushwa chini, ukawa usawa wa mkono, hivyo teke lilirudi moja kwa moja na mdomo ukatulia. Baadaye sheria zilibadilishwa, na leo mstari wa mtutu wa bastola ya mita 25 lazima upite juu ya mkono. Kompenseta nazo, pamoja na mitutu iliyotobolewa, haziruhusiwi katika mashindano hayo ya mita 25. Walioachiwa ni wapigaji wa bastola ya upepo ya mita 10. Wao wanaruhusiwa kuwa na mtutu wenye matundu, na matundu hayo huiondoa hewa iliyo nyuma ya risasi ndogo isije ikaitikisa inapotoka.

Kwa hiyo anayetaka bastola ya baruti yenye kompenseta anaelekea kwenye mchezo mwingine: upigaji wa vitendo, ambao mshindani anatembea, anakimbia, anajificha nyuma ya kizuizi na kupiga shabaha nyingi huku saa ikimhesabia. Mchezo huu ulipata chombo chake cha kimataifa, IPSC, mwaka 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri nchini Marekani, na rais wake wa kwanza akawa Jeff Cooper. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mmarekani Ray Chapman alikuwa ameshinda ubingwa wa dunia wa kwanza mjini Zurich. Afrika iliingia mapema pia: ubingwa wa mwaka 1977 ulifanyika Salisbury, mji tunaouita leo Harare. Kaulimbiu ya mchezo ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi, na mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua bastola gani inafaa.

Kompenseta yenyewe ni kongwe kuliko mchezo huo. Miaka ya 1920, afisa wa kikosi cha Marine cha Marekani, Richard Cutts, alibuni kifaa cha namna hiyo kilichokuja kufungwa kwenye bunduki ya Thompson. Kwenye bastola za mashindano kilianza kushika kasi miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980. Wapigaji wa wakati huo walitumia bastola ya modeli ya 1911 yenye risasi ya .45, nzito na ya polepole. Wakagundua jambo ambalo fizikia ilikuwa inalijua siku zote: .45 haina gesi ya kutosha kuilisha kompenseta. Shinikizo lake la juu linaloruhusiwa ni paundi 21,000 kwa inchi ya mraba, wakati risasi ya .38 Super, iliyozaliwa mwaka 1929 katika kiwanda cha Colt, inafika 36,500. Vijana wa Arizona, Rob Leatham na Brian Enos, walikuwa miongoni mwa waliobeba .38 Super yenye kompenseta kwenye mashindano makubwa, na baada ya muda si mrefu .45 ikawa ya kizamani katika kundi la bastola zisizo na mipaka mingi. Kundi hilo ndilo linaloitwa Open hadi leo.

Mwaka 1990 mjini Adelaide, Australia, Doug Koenig akatwaa ubingwa wa dunia akitumia darubini ya nukta nyekundu badala ya vilenga vya chuma. Kompenseta na nukta vilikuwa vimekutana, na havijaachana tena. Mfaransa Eric Grauffel, mzaliwa wa Brittany, alishinda kundi la Open mara nne mfululizo kwa vifaa hivyo: Ufilipino mwaka 1999, Afrika Kusini 2002, Ecuador 2005 na Indonesia 2008.

Sasa tufike kwenye kuchagua. Mtu akiingia dukani au akifungua katalogi hushikwa na macho. Anaona bastola ndefu yenye rangi za kupendeza, kompenseta ya vyumba vinne, kioo kikubwa cha nukta, magazini inayokaribia urefu wa sentimita 17, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa na IPSC katika Open. Anaichagua bastola, kisha anatafuta risasi za kuipiga. Mimi nasema hapo ameanzia mwisho. Kompenseta ni mashine inayokula gesi, na gesi inatoka kwenye risasi. Anza na risasi utakayoipata, msimu mzima, kwa bei unayoimudu. Bastola itafuata.

Ili kuelewa kwa nini, itabidi tupite kwenye meza ya kupimia mwendo. Katika mashindano ya IPSC ofisa huchukua risasi kutoka kwenye akiba yako bila wewe kuchagua. Moja hufunguliwa, kichwa chake kikapimwa uzito kwa greni, kipimo kidogo ambacho 15.4 zake hufanya gramu moja. Nyingine hupigwa kwa bastola yako mwenyewe kupita juu ya kifaa kinachosoma mwendo kwa futi kwa sekunde. Uzito mara mwendo, ugawe kwa 1,000, unapata kipimo cha nguvu. Katika Open, ukifika 160 unahesabiwa kuwa na nguvu kubwa. Ukiwa chini ya hapo lakini umefika 125, ni nguvu ndogo. Ukishindwa hata 125, umefunga safari bure, maana matokeo yako hayahesabiwi.

Tofauti ya nguvu kubwa na ndogo inaonekana kwenye karatasi. Risasi ikipiga eneo la kati, A, wote mnapata 5. Ikitoka kidogo hadi C, mwenye nguvu kubwa anapata 4 na mwenye nguvu ndogo anapata 3. Kwenye D ni 2 dhidi ya 1. Kisha alama zote zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Chukua shabaha nne za karatasi, kila moja risasi mbili, na watu wawili waliopiga A sita na C mbili kwa sekunde 5 kamili. Wa nguvu kubwa ana alama 38, sawa na 7.6 kwa sekunde. Wa nguvu ndogo ana 36, yaani 7.2. Wamepiga sawasawa, kwa mwendo mmoja, lakini mmoja ameachwa nyuma kwa risasi alizobeba tu. Rudia hayo kwenye vituo ishirini na mwanya unakuwa mkubwa.

Tazama hesabu ya risasi ya milimita 9. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1,300 kwa sekunde, yaani mita 396, kinapata 161.2, kinapita kwa kubana pumzi. Lakini risasi za kawaida za dukani za uzito huo huenda karibu futi 1,100, ambazo ni 136 tu. Maana yake ni kwamba anayetegemea risasi za dukani, akinunua bastola ya Open ya milimita 9, atapata alama za nguvu ndogo akishindana na watu wa nguvu kubwa. Na si alama tu. Kompenseta ya vyumba vinne iliyobuniwa kwa risasi kali itakuwa na njaa. Gesi ni kidogo, inaishia kwenye chumba cha kwanza na cha pili, na vilivyobaki vinakuwa uzito unaobebwa.

Kuna adhabu ya pili iliyojificha ndani ya bastola. Kila risasi ikipigwa, slaidi ya juu hurudi nyuma, hutupa ganda, kisha hurudi mbele na risasi mpya. Kompenseta imefungwa kwenye mtutu, na mtutu wa bastola nyingi huinama kidogo ili slaidi iachiwe. Ukiuongezea uzito mbele, mtutu unakuwa mzito kusogea, na sehemu ya gesi iliyokuwa isaidie imeshapelekwa juu. Risasi dhaifu haitaifikisha slaidi mwisho, na ganda litabanwa mlangoni. Fundi hutibu hilo kwa kubadili springi: 1911 ya kawaida ya .45 ina springi ya paundi 16, wakati bastola nyingi za Open zina springi ya paundi 7 au 8, na slaidi zao zimechongwa madirisha ili ziwe nyepesi. Kwa hiyo kompenseta, springi, uzito wa slaidi na risasi ni kitu kimoja chenye sehemu nne. Anayekuuzia kompenseta peke yake akakuambia itafaa bastola yoyote na risasi yoyote, hajakuambia ukweli wote.

Je, .38 Super au milimita 9? Nikiulizwa na mtu anayejaza risasi zake mwenyewe kihalali na mwenye mahali pa kununua maganda, nitasema .38 Super bado ina ubora wake. Ganda lake ni refu, lina nafasi ya baruti inayoungua polepole na kutoa gesi nyingi, na linafika nguvu kubwa bila kubanwa sana. Milimita 9 hufikishwa huko pia, na wengi wanafanya hivyo, kwa sababu maganda yake yapo kila mahali na hayaumi yakipotea kwenye nyasi. Lakini inafika ikiwa kwenye ukingo, na ukingoni si mahali pa kujifunzia. IPSC imeweka pia kwamba anayedai nguvu kubwa katika Open asitumie kichwa chepesi kuliko greni 120, hivyo njia ya kichwa chepesi kinachokimbia mno imefungwa. Vyovyote utakavyochagua, hakikisha kichwa cha risasi kimefunikwa hadi kitakoni. Kitako cha madini ya risasi kilichoachwa wazi huyeyushwa na gesi, na madini hayo huganda kwenye kuta za kompenseta mpaka tundu linaanza kuziba.

Kwa .22, ambayo vijana wengi huanzia, sitapoteza maneno. Baruti yake ni kidogo mno. Kompenseta yake ni uzito wa mbele tu, na uzito huo ungeweza kununuliwa kwa bei nafuu zaidi.

Kuhusu darubini, angalia ukubwa wa kioo kwanza, kisha ukubwa wa nukta. Nukta ya dakika 8 za nyuzi hufunika karibu sentimita 6 kwa umbali wa mita 25. Inatosha kabisa kwa eneo A, na jicho huipata haraka. Nukta ya dakika 2 ni nzuri kwa anayesimama na kutulia, lakini kwa mtu anayekimbia hupotea. Bastola nyingi za Open hubeba darubini kwenye fremu, si kwenye slaidi, na kuna sababu nzuri: slaidi inabaki nyepesi, na kioo hakirushwi nyuma na mbele kila risasi inapopigwa. Uwe tayari kufuta masizi. Gesi inayoruka juu hupita mbele ya kioo, na baada ya mazoezi ya asubuhi kioo kinakuwa na ukungu wa kijivu.

Jambo lingine ambalo katalogi hazilisemi ni mshindo. Kompenseta hutawanya sauti na upepo kwa kando na nyuma, kwa mpigaji na kwa ofisa anayesimama karibu naye na saa. Tumia vizibo vya ndani ya masikio na vifuniko vya juu, vyote viwili pamoja, kila mara. Sikio likishaharibika kwa mshindo halirudi, na hakuna medali inayofidia hilo. Miwani ya kukinga macho nayo si ya hiari, maana chembe za baruti isiyoungua huruka kila upande.

Bastola za Open hugharimu dola elfu kadhaa, na zile zinazochongwa na mafundi mmoja mmoja huvuka dola 5,000 kwa urahisi. Tanfoglio ya Italia na CZ ya Ucheki wametengeneza za kiwandani zinazoshindana vizuri, na kwa anayeanza naona hizo ndizo za busara, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana na fundi yeyote mwenye uzoefu anazijua.

Hapa Afrika Mashariki mchezo huu una watu wake. Kenya, uwanja wa Kirigiti huko Kiambu umepokea mashindano ya kimataifa ya bastola. Lakini sheria zetu ni kali, na ni haki ziwe kali. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya mmiliki hupita kwenye bodi ya leseni za silaha. Kabla ya kuagiza hata kompenseta peke yake, uliza kama inahesabiwa kuwa sehemu ya silaha, na uulize kwa maandishi. Kwa wengi wetu, risasi zinazopatikana ni za kiwandani za milimita 9, zenye kipimo cha 130 na ushei. Kwa hali hiyo ushauri wangu hauna kigugumizi: anza na kundi lisilo na kompenseta, ambako kila mtu amebeba nguvu ileile, au kama lazima uwe na kompenseta, chagua yenye chumba kimoja au viwili, yenye slaidi iliyopunguzwa uzito na springi laini, iliyopangwa kwa risasi za nguvu ndogo.

Na unapokwenda kuijaribu, usiruhusu muuzaji akupe risasi zake. Beba zako, zile utakazoshindana nazo. Simama mita 10 kutoka kwenye karatasi, piga mbili mbili, na macho yako yaifuate nukta, yasiangalie matundu. Bastola inayokufaa si lazima iwe ile ambayo nukta haitikisiki kabisa. Ni ile ambayo nukta inapanda kidogo, inabaki ndani ya kioo, na inarudi pale pale ilipotoka bila wewe kuirudisha. Ikishuka chini ya shabaha kabla ya kutulia, kompenseta ni kali mno kwa risasi hizo. Ikitoka nje ya kioo, gesi haitoshi. Katika hali zote mbili, mrudishie mwenyewe bastola yake, hata kama amekupunguzia bei.